Maksi za Chiriku

Kosa la fundi lilikuwa moja tu: hakukosea.

Mumewe, mwalimu wa darasa la tano, alikuwa amewaonya wote wawili, yeye na binti yao wa sekondari, tena kwa kidole, siku ya kwanza alipozitoa kompyuta mbili za shule kwenye mfuko wa sokoni na kuziweka juu ya meza ya chakula. "Tatu kwa kumi mkose," alisema. "Tatu! Mtoto wa kweli hapati zote." Binti alielewa upesi, akawa anakosa kwa mpango, huyu hesabu, yule lugha, kama anayegawa pipi. Mwalimu mwenyewe alikosa bila hata kupanga, kwa uchovu. Lakini mkewe alikuwa fundi cherehani, wa wale ambao pindo likienda upande kwa upana wa uzi hufumua gauni zima huku mteja amesimama mlangoni. Kubofya jibu ambalo anajua silo kulimwasha kidole.

Msomaji asije akadhani hii ilikuwa familia ya matapeli. Ilikuwa familia yenye hesabu isiyotoka. Shule ilipewa kompyuta kumi na mbili ili watoto wajifunze kwazo, na kati ya hizo tisa ndizo zilizowaka. Darasa lilikuwa na watoto sitini na wanne. Ofisi ya elimu ilitaka kila mtoto, kwa nambari yake na neno lake la siri, afanye mazoezi manne kila wiki, peke yake, na kila Ijumaa mashine zitume ripoti zenyewe. Kipindi ni dakika arobaini, na kumi huishia kwenye kuwasha. Anayetaka kuipiga hesabu hiyo na aipige. Mwalimu aliipiga muhula mzima. Mtoto asiye na maksi alitokea kwenye ripoti kwa rangi nyekundu, na mwalimu mwenye nyekundu nyingi alipata barua ya uhamisho. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya shule, na wateja wote wa fundi walikuwa hatua mia kutoka mlangoni pake. Basi safu tatu za mbele zikapewa mashine, na safu tatu za nyuma zikafanyiwa nyumbani, kila Jumamosi mchana, sahani zikishaondolewa.

Fundi alipewa safu ya mwisho, watoto kumi na mmoja. Kumi aliwakosesha kama alivyoagizwa, kwa shingo upande. Wa kumi na mmoja, nambari thelathini na nane, alijiwekea mwenyewe. Shule aliiacha darasa la tano hilohilo, akapewa sindano. Mwanzoni hakuhitaji kujifanya. Alikosa kwelikweli, na mashine ilimweleza kosa lake bila kumcheka wala kumwuliza alikuwa wapi miaka yote hiyo. Akawa anasoma maelezo mara mbili, mara tatu, midomo ikicheza. Mwezi wa nne akaacha kukosa. Kila Jumamosi alijiambia leo nitakosa, na kila Jumamosi ikapita. Alikuwa na furaha ambayo hakumwambia mtu.

Jumatatu moja mwalimu akarudi mapema, akasimama mbele ya cherehani bila kuvua viatu.

"Nambari thelathini na nane ilikuwa kwa nani?"

Fundi akaondoa mguu kwenye pedali. "Kwangu."

"Unajua ni nani?"

"Ni nambari tu. Majina huwa hutupi."

"Ni Chiriku. Yule mtoto wa mama muuza mkaa." Mwalimu alikaa kwenye kiti cha wateja. "Amekuwa wa kwanza."

"Darasani?"

"Darasani!" Alicheka kicheko kibaya. "Shule zote, mama. Shule mia mbili na kitu, na juu kabisa yuko Chiriku."

Moyo wa fundi uliruka kwa furaha kabla haujakumbuka kuogopa, na hilo ndilo alilokuja kujilaumu nalo zaidi baadaye. Alijishika mdomo ili asitabasamu.

"Wanampa nafasi kwenye shule ya bweni ya watoto wenye vipaji," mwalimu aliendelea. "Ada, godoro, vitabu, kila kitu. Ijumaa mama wa ofisi ya elimu anakuja na mpiga picha. Anataka kumwona mtoto mwenyewe akifanya kazi kwenye mashine. Chiriku! Mtoto ambaye ukimwandikia jina lake ubaoni anakuuliza huyo ni nani."

"Kumbe hajui kusoma?"

"Safu ya nyuma nzima hawajui kusoma. Ungetaka nikae nao saa ngapi?" Akavua kiatu kimoja, akakitupa ukutani. "Nilikwambia tatu kwa kumi. Ni lugha gani hiyo ambayo hukuielewa?"

"Nilijisahau."

"Miezi mitatu mtu unajisahau? Mimi nilidhani nimeoa mshonaji, kumbe nimeoa profesa!"

Binti alicheka kutoka jikoni, akanyamaza haraka. Neno lile lilimchoma fundi. Lilitolewa kama tusi, na yeye alilisikia kama ukweli ambao hakuna mtu angempa mkono kwa ajili yake.

"Basi tukaseme," alisema. "Twende kwa mwalimu mkuu tuseme."

"Mwalimu mkuu ndiye aliyenipa mfuko wa kubebea."

"Na mama wa ofisi?"

"Mwambie mama wa ofisi, halafu uniambie mwezi ujao tutalala wapi. Binti ana mtihani mwaka huu. Cherehani utaiweka chini ya mti gani?" Alivua kiatu cha pili, hiki akakiweka chini taratibu, hasira imemwisha na woga umebaki. "Mchuma janga hula na wa kwao. Umelichuma wewe, tutalila wote. Lakini tulile kimyakimya."

*

Kesho yake mwalimu mkuu alimtuma Chiriku kwa fundi akapimwe sare mpya. Kazi hiyo ilitangazwa kuwa ni mchango wa familia ya mwalimu kwa shule, maana yake hailipwi.

Mtoto aliingia akiongea. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba, magoti yamepauka, na jina la utani lilimfaa kuliko nguo yoyote aliyowahi kuvaa.

"Shikamoo mama fundi, ni kweli nitapanda gari? Mama anasema huko watu wanakula mara tatu, na mara ya tatu ni nyama. Mimi nimesema labda Jumapili tu, hawawezi kuchinja kila siku, si ng'ombe wataisha?"

"Marahaba. Inua mikono."

Fundi alipima bega, akaandika kwenye daftari lake. Akapima kiuno, akaandika. Akapima urefu wa sketi. Kisha akamsogezea daftari, akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

"Hebu nisomee hapa."

Chiriku hakutazama daftari. Alitazama mdomo wa fundi. "Kiuno."

"Ni bega."

"Nilikaribia."

"Na hili?"

"Hilo sasa ndilo kiuno. Na la chini yake ni sketi."

Kweli lilikuwa kiuno, na la chini yake lilikuwa sketi. Fundi alianza kufurahi, halafu akaelewa. Mtoto alikuwa amekumbuka mpangilio wa futi ya kupimia, ilianza wapi na ikaishia wapi. Kichwa kile kilikuwa kizima kabisa. Hakuna aliyekifungulia mlango.

"Darasani mnapokuwa na kompyuta, wewe unafanya nini?"

"Sisi wa nyuma? Tunaangalia migongo. Siku moja mwalimu alinipa kipanya nikishike, nikakishika mpaka kengele ikalia. Kilikuwa cha moto." Aligeuka ili apimwe mgongo, mdomo haukugeuka. "Zamani ilikuwa raha. Kengele ikilia sisi wa nyuma tunabaki na mwalimu, anatuandikia kwa chaki, ba, be, bi. Mimi nilifika mpaka nya. Halafu mashine zikaja, mwalimu akawa hana nafasi. Anashughulika na maksi."

Fundi alizitia pini mdomoni, akakunja pindo.

"Mama fundi, ni kweli mimi ni wa kwanza?"

Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni, akamshukuru Mungu kwa kila moja.

"Maana mimi sikumbuki kufanya," Chiriku alisema. "Lakini mwalimu mkuu amesema mashine haidanganyi. Labda nilifanya huku naongea."

Jioni, mwalimu alipokuwa akinywa chai, fundi alimwuliza habari ya watoto wa safu ya nyuma na chaki. Mwalimu aliweka kikombe chini.

"Kulikuwa na mwalimu wa kusoma," alisema. "Ofisi ilisema itampeleka kila shule ambayo mashine zitaonyesha ina watoto dhaifu. Ndiyo maana hasa ya hizo kompyuta, kuwatafuta waliobaki nyuma. Angekuja muhula wa pili."

"Mbona hakuja?"

"Ripoti ilisema hatuna mtoto dhaifu."

"Ripoti ya nani?"

Mwalimu alisimama. Alimwaga chai iliyobaki, akaenda kuoga.

Siku mbili mchana fundi alimketisha Chiriku mezani, akaanza naye pale chaki ilipoishia. Nya, nye, nyi. Mtoto alijitahidi mpaka jasho likamtoka juu ya mdomo, lakini siku mbili ni siku mbili. Ilipofika Alhamisi alasiri mwalimu akasema acheni kupoteza muda, akatoa wazo lake: akariri zoezi moja tu, zoezi fupi la habari ya tangi la maji, aliseme huku anapitisha kidole kwenye kioo. Fundi alilisoma kwa sauti mara mbili, kwenye mashine iliyofunguliwa kwa nambari ya mtoto mwingine. Mara ya tatu Chiriku alilisema lote, hata na pale pa kupumua.

"Unaona?" mwalimu alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka vizuri. "Huyu kweli ana kipaji."

*

Ijumaa wazazi walijaa darasani, wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Mama muuza mkaa alikaa mbele. Alikuwa ameisugua mikono mpaka imekuwa myekundu, lakini weusi ulibaki pembeni mwa kucha, akawa anaificha chini ya mtandio. Mama wa ofisi alikuwa mtu mpole mwenye miwani, viatu vyake vimejaa vumbi la shule nyingine alizopita asubuhi hiyo.

Mwalimu mkuu aliwatambulisha watu. Alipofika kwa fundi akasema, "Na huyu ni mke wa mwalimu wetu. Ni fundi wa nguo tu, mambo haya ya kompyuta yamempita, lakini naye hakubaki nyuma, amejitolea kushona sare." Watu wakapiga makofi. Fundi akainama kidogo kama anayeshukuru.

Chiriku aliketi mbele ya mashine ndani ya sare mpya. Mwalimu aliingiza nambari na neno la siri, akabofya, akarudi nyuma. Mpiga picha akapiga goti.

"Tusomee, binti," mama wa ofisi alisema.

Chiriku akaweka kidole kwenye kioo na kuanza, kwa sauti safi iliyofika mpaka mlangoni. "Shule yetu ina tangi la maji. Tangi hilo hujaa lita elfu mbili. Asubuhi wanafunzi walitumia lita mia tatu…"

Fundi alinyoosha shingo. Kwenye kioo hapakuwa na tangi. Palikuwa na picha ya mzinga na habari ya nyuki. Programu ile hairudii zoezi ambalo mtoto amelipata lote. Huliruka na kumfungulia linalofuata. Zoezi la tangi lilikuwa limepata kumi kwa kumi Jumamosi iliyopita, na fundi alimjua vizuri aliyelipata, ila Alhamisi, kwa haraka, hakulikumbuka. Mumewe hakuwahi kuliona hilo, kwa kuwa yeye hakuwahi kupata zote.

Mama wa ofisi alikuwa amesimama nyuma kabisa ya bega la mtoto. Alitazama nyuki. Alisikiliza tangi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Fundi alimwona akiona, akaona pia alivyoigeukia bahasha iliyokuwa chini ya kwapa lake, yenye barua na sahihi na muhuri, halafu mpiga picha, halafu mwalimu mkuu aliyekuwa akitabasamu kwa meno yote. Fundi aliomba kimoyomoyo, sema, mama, sema wewe ambaye hakuna wa kukufukuza.

Mama wa ofisi akafunika kompyuta taratibu.

"Inatosha," alisema. "Ana sauti nzuri sana. Piga picha."

Makofi yalilia. Chiriku, ambaye alikuwa hajamaliza, alimalizia habari ya tangi kwa kunong'ona.

*

Alasiri ileile fundi alikwenda genge la mkaa. Alimkuta mama Chiriku amerudi kwenye nguo zake za kazi, anajaza makopo kutoka kwenye gunia.

"Karibu mama fundi. Usikae hapo, utachafuka. Kama ni hela ya sare, nitatafuta, nitakupa kidogokidogo."

"Sijaja kwa ajili ya sare. Nimekuja kukwambia jambo la mtoto." Fundi alichutama kando ya gunia. "Zile maksi si zake. Ni zangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikijibu."

Mama Chiriku alijaza kopo, akalitikisa, akaliongeza mpaka likawa na kilima. "Mimi ndiye niliyemzaa," alisema. "Nikimtuma dukani na karatasi anarudi na kitu kingine, na hadithi ndefu juu yake. Nisijue? Nilikuwa sijui tu ni za nani. Nikadhani mashine imechanganya watoto." Akamtazama fundi kwa mara ya kwanza. "Kumbe ni wewe. Umeshinda shule zote hizo?"

"Zote."

"Hongera."

Hakuna mwingine aliyekuwa amemwambia neno hilo. Fundi aligeuza uso, akajifanya anatazama barabarani.

"Twende tukaseme," alisema alipoweza. "Wewe na mimi. Mama mzazi akisema watasikia. Watampa mtu wa kumfundisha polepole."

"Nani atampa? Miaka mitano yuko shule ile hajapewa. Atapewa leo kwa sababu tumekuja kusema tulidanganya?" Hakupandisha sauti, mteja alikuwa karibu. "Mama fundi, mwanangu anakohoa vumbi hili tangu ana wiki mbili. Kule kuna kitanda. Kuna mwalimu mmoja kwa watoto ishirini, wamesema wenyewe. Labda mmoja wao atamtazama vizuri. Ukisema, mumeo anahamishwa, na mwanangu anabaki hapa kwenye gunia. Atakuwa amepona nani?"

"Na wasipomtazama?"

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," mama Chiriku alisema. "Na aliyevua ni wewe, mama. Mimi nilikuwa hapa nauza mkaa."

Alitia makopo mawili kwenye mfuko, akampa, akakataa hela. Fundi alitaka kukataa na yeye, akaona kukataa kungekuwa dharau nyingine juu ya ile ya kwanza. Alitembea na mkaa ule mpaka nyumbani akijihisi ni mtu aliyelipwa.

*

Jumapili ya tatu tangu Chiriku aondoke, simu ya fundi iliita wakati wa chakula cha mchana. Namba hakuijua.

"Shikamoo mama fundi! Ni mimi! Namba yako niliisikia siku ile unamtajia yule mteja wa gauni la njano, nikaishika. Simu ya mama imeharibika. Hii ni simu ya matroni, amenipa dakika mbili. Kitanda changu ni cha juu. Nyama ni Jumapili tu, si nilisema?"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nimepata sifuri."

"Ya nini?"

"Ya kompyuta. Huku kila mtu ana yake, hugombani na mtu. Nikabofya, nikabofya, sifuri. Nikapewa nyingine, sifuri. Mwalimu akaja kutazama, akasema haiwezekani, wewe ndiye wa kwanza, hii mashine ni mbovu. Wakaniletea mashine mpya. Sifuri. Jana wamemleta fundi wa kompyuta, ameifungua mpaka ndani, amekuta haina ubovu, wakasema basi ni mtandao." Sauti ya Chiriku ilipungua, jambo ambalo fundi hakuwahi kulisikia. "Mama fundi, nimewaambia mashine ni nzima, ni mimi sijui kusoma. Wamecheka. Wanasema napenda utani. Kila siku wananipa mazoezi magumu zaidi, ya wenye akili. Waambie wewe. Wewe ni mtu mzima."

Simu ile ilikuwa na sauti ya kusikika chumba kizima. Binti aliweka kijiko chini. Mwalimu aliacha kutafuna, akamtazama mkewe, akatikisa kichwa polepole. Hapakuwa na hasira usoni mwake. Alikuwa anaomba, na fundi alimhurumia, kwa sababu alikuwa mtu mwema aliyeishiwa na dakika. Fundi alitazama kuta za nyumba ya shule, na daftari za mtihani za binti kwenye kona ya meza.

"Mpe matroni simu," alisema.

"Mke wangu," mwalimu alisema.

"Haloo, mama!" Matroni alikuwa na sauti ya uchangamfu. "Usiwe na wasiwasi kabisa. Mtoto wenu ni hodari, na anatuchekesha sana. Ni hizi kompyuta tu zinatusumbua."

"Kompyuta ni nzima," fundi alisema. "Mtoto hajui kusoma. Mpeni kitabu chochote, asome mstari mmoja, mtaona wenyewe. Anahitaji mtu wa kukaa naye kwa herufi. Amefika nya. Ana akili, anashika upesi, ila hajapata mtu."

"Lakini mama, ripoti yake tumeibandika hapa ukutani. Miezi mitatu kumi kwa kumi! Hata hao wakubwa hawajafika hapo."

"Hizo ni zangu. Hayo mazoezi niliyafanya mimi, kwa nambari yake, hapa nyumbani, kwenye meza hii."

Upande wa pili fundi alisikia watoto wakicheza mbali. Alimsikia mumewe akivuta pumzi na kuishikilia.

"Wewe ni mwalimu wake?" matroni aliuliza.

"Hapana."

"Umesoma mpaka wapi, mama?"

"Darasa la tano. Sikulimaliza."

"Na unafanya kazi gani?"

"Nashona nguo."

Matroni akacheka. Kilikuwa kicheko chema, kisicho na ubaya wowote, cha mtu aliyepata kitu cha kwenda kuwasimulia wenzake. "Jamani! Sasa nimejua mtoto ametoa wapi utani. Wewe endelea kushona, mama, kompyuta tuachie sisi. Mwaka ukiisha mtamwona alivyofika mbali."

Simu ikakatika. Fundi alibaki ameishikilia sikioni, akisubiri labda kuna mtu atarudi. Mwalimu alikimeza kile alichokuwa nacho mdomoni, akavuta sahani karibu, akaendelea kula.